Yai Viza Livunjwe Kabla ya Kutupwa

Haya ni maneno ya mazungumzo ya Afisa Mawasiliano wa Halmashauri mbele ya wakazi wa kata, siku ya mkutano wa huduma za ugani wa mifugo. Yanachapishwa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.



Najua wapo wanaojiuliza imekuwaje mtu wa kupiga picha za ziara na kuandika matangazo ya maji asimame hapa kuzungumza habari za mayai. Swali hilo ni la haki. Afisa Mifugo wetu wa Kata yupo hapa mbele, na nikikosea atanirekebisha papo hapo. Yeye ndiye aliyenifundisha karibu yote nitakayoyasema. Mimi nimeomba kusema kwa sababu jambo hili liliwahi kuingia nyumbani kwetu likatutia aibu, na kwa sababu kila nikizunguka vijijini na kamera yangu nakuta kisa kilekile kikirudiwa na watu wengine.

Kisa chenyewe ni hiki. Nilipokuwa darasa la nne, mama yangu alitamani mbegu ya kuku warefu waliokuwa kwa jirani yetu, mama mmoja mtu mzima ambaye sisi watoto tulimwita Mama Mkubwa ingawa hatukuwa na udugu naye wa damu. Wakakubaliana. Mama akapeleka mtama, akarudi na mayai 11 ndani ya ungo, yamefunikwa kwa kanga. Usiku uleule akamwatamisha kuku wake mweupe, kuku mpole ambaye hajawahi kumwangusha. Siku ya 21 ikafika, kimya. Siku ya 24, kimya. Ilipotimia wiki ya nne kuku mwenyewe aliinuka, akajikung'uta vumbi, akaenda zake. Mayai yote 11 yalikuwa viza.

Mama hakusema neno siku ile. Siku ya pili akasema. Alisema mayai yale yalipitishwa kwenye maji ya moto kabla hajakabidhiwa, ili mbegu isitoke katika boma lile. Maneno hayo yalifika kwa Mama Mkubwa kabla ya jioni, naye akajibu kwamba mkono wa mama ndio mzito, na kwamba kuku wetu wote wana kijicho cha nyumba yetu. Miaka miwili wanawake wale walichota maji katika kisima kimoja bila kuamkiana. Sisi watoto tulikatazwa kwenda kucheza kule. Walikuja kusalimiana tena kwenye msiba, walipojikuta wamekaa mkeka mmoja, na hakuna aliyetaja mayai.

Na yale mayai je? Kaka yangu aliyabeba kwenye karai akayatupa jalalani nyuma ya nyumba, mazima, bila hata moja kuvunjwa. Ushahidi wote wa kesi ile ulikuwa ndani ya magamba yale 11, nasi tuliutupa bila kuusoma.

Ombi langu kwenu leo ni hilo tu, ndugu zangu: kuku akimaliza kuatamia na mayai yakabaki, msiyatupe kabla ya kuyavunja na kutazama ndani. Yai viza huonyesha siku ambayo uhai ulikatika, na ukiijua siku hiyo, mara nyingi utaijua na sababu.

Kwanza tukumbushane kazi ya kuku mwenyewe. Yai la kuku huchukua siku 21 kuanguliwa. Katika siku hizo kuku anayeatamia hupasha mayai joto linalokaribia nyuzi 38, na huyageuza kwa mdomo na miguu mara nyingi usiku na mchana, ili kiinitete kisigandamane na ngozi ya ndani ya gamba. Hutoka kiotani mara moja kwa siku, aghalabu kwa muda wa robo saa au zaidi kidogo, akala, akanywa, akajisaidia, akaoga vumbi, akarudi. Hakuna mashine iliyobuniwa na binadamu ambayo haikuiga kazi ya kuku huyu. Kwa hiyo mayai yakiharibika, tusikimbilie kumlaumu yeye. Mara nyingi kosa limefanyika kabla hajayakalia, au limefanywa na sisi wakati ameyakalia.

Sasa tuvunje mayai. Shughuli hii hufanywa nje, mbali na jiko na mbali na chombo cha maji ya kunywa, juu ya sahani kuukuu au gazeti. Yai hugongwa upande ule butu, ambako ndani yake pana nafasi ya hewa, kisha gamba hubanduliwa polepole. Utakachokikuta kitakuwa kimojawapo kati ya mambo manne.

Unaweza kukuta ute na kiini kama siku yai lilipotagwa, pengine kiini kimelegea kidogo, lakini hakuna damu, hakuna uzi, hakuna jicho. Yai hilo halikuwa na mbegu tangu mwanzo. Kuku jike hutaga hata kama hakuna jogoo, na yai la namna hiyo hata akiliatamia mwaka mzima halitatoa kitu. Ukikuta mayai mengi ya aina hii, mtafute jogoo. Huenda hayupo. Huenda yupo mmoja na majike ni 20, ilhali jogoo mmoja hutosha majike 10 hivi. Huenda ni mzee, au amelemaa mguu, au ni ndugu wa majike wote na damu imechoka. Na huenda alikuwepo lakini ameuzwa. Jogoo akiondoka, majike huendelea kutaga mayai yenye mbegu kwa wiki moja hivi, pengine zaidi kidogo, kisha mbegu hupungua upesi hadi kwisha. Sasa fikirini tunavyofanya sisi: sikukuu ikifika, wa kwanza kuingia sufuriani ni jogoo. Mwezi unaofuata tunaatamisha.

Nilipofundishwa jambo hili nilikumbuka kitu ambacho kilinikosesha usingizi. Kabla mama hajaenda kuchukua mayai yale 11, palikuwa na ugeni mkubwa kwa Mama Mkubwa, wageni wa posa, na sisi watoto tulipelekewa supu. Siwezi kuapa kuwa supu ile ilikuwa ya jogoo yule mrefu. Lakini sikumbuki kumwona tena akipanda juu ya jabali na kuwika.

Jambo la pili unaloweza kukuta ni pete ya damu iliyozunguka kiini, au kidudu kidogo chenye jicho jeusi, kikubwa kama punje ya mtama au harage. Hapo jogoo hana kosa, maana mbegu ilikuwepo na uhai ulianza, ukakatika katika wiki ya kwanza. Tazama namna mayai yalivyotunzwa kabla ya kuatamiwa. Katika nyumba zetu yai hukaa juu ya kabati, ndani ya bakuli dirishani, au karibu na mafiga. Joto kali la mchana huamsha uhai ndani ya yai bila kuufikisha mbali, na baridi ya usiku huuzima. Yai lililosafirishwa kwa bodaboda kwenye barabara ya makorongo, likatikiswa kama maziwa ndani ya kibuyu, nalo hufikia hatima hiyo. Hali kadhalika yai lililokaa siku nyingi. Yai la kuatamisha lisizidi siku 7 tangu kutagwa. Likifika siku 10 matumaini yamepungua sana, na likipita hapo ni heri likaangwe.

Jambo la tatu ndilo linaloumiza moyo. Unabandua gamba unakuta kifaranga kamili, ana manyoya, ana kucha, ana mdomo, amekufa. Huyu alifika siku ya 18, ya 19, hata ya 21. Wengine hukutwa wametoboa tundu dogo na kuishia hapo. Kwa huyu, uliza mambo ya siku za mwisho. Je, kuku alifukuzwa kiotani? Je, mayai yalikuwa mengi kuliko mwili wake, ya pembeni yakawa yanapoa kwa zamu? Mnaufahamu upepo wa mkoa wetu wa Singida mwezi wa Juni na Julai. Kuku mdogo mwenye mayai 16 chini yake hawezi kuyafunika yote usiku wa upepo ule. Je, kiota kilikuwa chini ya bati, saa nane za mchana wa Oktoba? Je, kuku mama alipokuwa akitaga alikula nini? Kifaranga hujengwa kwa kile kilichowekwa ndani ya yai. Jike aliyeshinda na pumba tupu hutaga yai ambalo linaanza vizuri na kuishiwa nguvu njiani. Hapa kwetu hatuna sababu ya kumnyima: mashudu ya alizeti yapo kila kwenye mashine ya kukamua, majani mabichi yapo, mchwa wapo wakati wa mvua, na dagaa wachache waliosagwa si gharama ya kuuza shamba.

La nne mtalijua kwa pua kabla ya macho. Ni yai lililooza, jeusi au la kijani, maji matupu. Yai hilo liliingiwa na vijidudu kupitia vitundu vidogo vya gamba, au kupitia ufa. Likivimba hewa hupasuka lenyewe kiotani na kuyachafua mengine, nayo yakaoza kwa kufuatana. Chanzo chake kikubwa ni kiota kichafu; cha pili, nisameheni mama zangu, ni usafi wetu. Yai likioshwa kwa maji, ule utando wa kuzaliwa unaolilinda huondoka, na uchafu hupata njia ya kuingia ndani. Yai la kuatamisha halioshwi. Kama lina tope kidogo, likwanguliwe kwa kitambaa kikavu. Kama lina tope jingi, lisichaguliwe.

Nimesema mambo manne, lakini Afisa Mifugo aliniambia kuwa chanzo kikubwa kuliko vyote katika kaya zetu hakimo katika hayo, nami nimekiona kwa macho yangu. Kuku anaatamia ndani ya banda au jikoni, kwenye kikapu kilekile ambacho wenzake wamezoea kutagia. Kila siku mwingine anakuja, anamsukuma, anataga juu yake. Mayai 10 yanakuwa 14, kisha 17. Hakuna ajuaye lipi ni la tarehe ipi. Siku ya 21 yale ya kwanza yanaanguliwa, mama anasikia sauti za watoto, na siku moja au mbili baadaye anatoka nao. Yanayobaki nyuma yana viumbe hai wa siku 5, wa siku 12, wa siku 17. Yanapoa. Mwenye nyumba anarudi shambani, anahesabu vifaranga 6 na mayai 11 yaliyolala, anasema kuku huyu hana bahati, na pengine anamchinja.

Mmewahi kuona kuku aliyetoroka, akajificha kwenye majabali au kichakani, mkamlilia kwamba ameliwa na kicheche, halafu baada ya wiki tatu na siku kadhaa akatokea uwanjani na vifaranga 12 nyuma yake? Sote tumemwona. Hana dawa yoyote aliyopewa. Alitaga mwenyewe, akayakalia yote siku moja, hakuna mwenzake aliyemwongezea, hakuna mtoto aliyemfunua kila saa, na kiota chake kilikuwa ardhini penye unyevu kidogo na kivuli. Simwambii mtu awaache kuku wake porini, maana kwa kila anayerudi wapo ambao kenge, nyoka na nguchiro wamewamaliza. Nasema tumwige ndani ya nyumba zetu.

Kumwiga ni hivi. Kuku akitaga, mayai yaokotwe kila siku na kuwekwa mahali penye ubaridi na giza, ndani ya beseni lenye mchanga mkavu au pumba, ncha iliyochongoka ikitazama chini. Kila yai liandikwe tarehe kwa penseli. Wino wa kalamu hauna kazi hapa. Chagueni mayai ya ukubwa wa wastani, yenye umbo la yai. Lile refu kama embe sindano, lile la mviringo kama mpira, lenye gamba laini au lenye ufa, liende jikoni.

Kuku atakapoanza kukaa kiotani hata usiku, anavimba na kutoa sauti ya ukali ukimsogelea, mwandalie chumba chake. Si lazima kiwe chumba cha nyumba. Kona iliyozibwa kwa tenga au matofali inatosha, ili mradi kuku wengine wasiingie. Chini weka udongo ulionyunyiziwa maji kidogo, juu yake nyasi kavu laini, uzibonyeze katikati ziwe kama sahani. Kabla ya nyasi, nyunyiza majivu baridi. Utitiri ni adui ambaye hatumhesabu: kuku anayenyonywa damu usiku kucha atainuka, hata angekuwa mama mwema kiasi gani. Msafishe wadudu kabla hajakalia, kwa dawa utakayoelekezwa na Afisa Mifugo, si kwa dawa ya pamba au ya mahindi iliyobaki stoo. Dawa hizo zimeua kuku na zimewadhuru walaji.

Mayai awekewe usiku, taratibu, yote kwa mara moja. Kuku wetu wa kienyeji wa umbo la kawaida hufunika kati ya 10 na 13. Maji na nafaka nzima viwe karibu, hatua chache tu kutoka kiotani. Baada ya hapo tumwache. Watoto waelezwe, kwa maana mtoto akijua hesabu ya siku hulinda kiota kuliko mlinzi wa kuajiriwa. Katika kijiji kimoja nilimkuta binti wa darasa la tano amechora mistari 21 ukutani kwa mkaa na anafuta mmoja kila asubuhi.

Siku ya 7, wakati wa usiku, mulika mayai. Kazi hii zamani ilitaka taa maalumu. Leo simu uliyo nayo mfukoni ina tochi ya kutosha. Chukua kipande cha boksi gumu, toboa tundu dogo kuliko yai, shikilia yai juu ya tundu upande butu ukielekea mwanga, na taa nyingine zote zizimwe. Yai lenye uhai huonyesha doa jeusi na nyuzi za damu zilizotawanyika kama miguu ya buibui. Yai lisilo na mbegu hung'aa tupu. Lililokufa huonyesha pete au mstari wa damu uliotulia. Mayai ya gamba la kahawia husumbua kidogo, kwa hiyo lile unalolitilia shaka lirudishe, ulitie alama, ulimulike tena siku ya 14. Siku hiyo yai zima litakuwa limejaa giza isipokuwa ile nafasi ya hewa juu. Fanya haraka, mikono iwe safi na mikavu, na usilitikise yai. Baada ya siku ya 18 usiguse tena. Wapo wazee wanaopima mayai ya siku za mwisho kwa kuyaelea katika maji ya uvuguvugu ili waone lipi linatikisika. Ninawaheshimu, lakini maji hupenya gamba na hupoza yai katika wakati wake dhaifu kuliko wote, tochi inatosha.

Faida ya kumulika ni kwamba unapata habari mapema. Ukikuta mayai 9 kati ya 12 yanang'aa tupu, huna haja ya kumtesa kuku wiki mbili zaidi kwa ajili ya matatu. Kama jirani yako naye ameatamisha kwa siku zinazolingana na kuku wake ana nafasi, muungane. Fikirini pia kuatamisha kuku wawili au watatu siku moja. Anayeanza mapema hupewa yai moja au mawili ya kumshikilia, yasiyo ya kuangua, hadi wenzake wawe tayari, kisha usiku mmoja wote hupewa mayai yao mazuri. Baada ya kumulika, mayai hai hukusanywa chini ya kuku wanaohitajika tu. Vifaranga wakitoka hugawiwa mama mmoja au wawili usiku wa kwanza, na yule asiye na watoto hurudi kutaga mapema kuliko kama angelea.

Sasa nifikie jambo lililofanya Ofisi ya Afya iombe nafasi katika mkutano huu. Mayai yaliyotolewa chini ya kuku siku ya 7 au ya 14, yale yanayong'aa tupu, yanatazamika vizuri kwa nje. Ipo tabia, siitaji ni ya nani, ya kuyachanganya katika trei na kuyauza kwa wakaanga chipsi, au kuyachemshia watoto kwa hoja kwamba hayana kifaranga ndani. Yai lililokaa wiki nzima katika joto la mwili wa kuku limekaa katika joto ambalo vijidudu vya kuharisha hulipenda. Mtu mzima anaweza kuugua siku mbili akapona. Mtoto wa miaka miwili au mama mjamzito ni habari nyingine. Kuuza chakula kisichofaa kwa binadamu ni kosa kisheria, na hapa sisemi kwa lengo la kutishana. Yai likishaingia chini ya kuku anayeatamia, limetoka katika hesabu ya chakula. Wala msiwatupie kuku wenyewe yai bichi lililovunjika, kwa maana wakishalionja wataanza kudonoa ya kwenu mazima. Mayai viza yafukiwe katika shimo refu, mbali na kisima na korongo la maji, yamwagiwe majivu, yafunikwe udongo ambao mbwa hatafukua. Kisha mikono ioshwe kwa sabuni.

Kuhusu kifaranga anayegonga gamba: subirini. Tangu atoboe tundu la kwanza hadi atoke huweza kupita saa nyingi, hata siku nzima, na katika muda huo anamalizia kuvuta damu na kiini kuingia mwilini. Mkono wenye huruma unaomtoa kwa nguvu humtoa akivuja damu. Na siku ya 21 isipoleta kitu, mpeni kuku siku mbili zaidi kabla ya kufungua kesi.

Nitaje chanjo kwa ufupi, kwa kuwa wengi mlikuwepo Afisa Mifugo alipoieleza. Mwaweza kuangua vifaranga 12 kwa mayai 12, na kideri kikawamaliza wote pamoja na mama yao katika juma moja, hasa kiangazi kinapoelekea mwisho. Chanjo ya I-2, inayotengenezwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari, hutolewa kwa tone la jicho na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Haivumilii uzembe wa mtu mmoja katika kitongoji, kwa sababu kuku hawajui mipaka ya boma. Ndui ya kuku ina chanjo yake, ni nyingine kabisa.

Tupige hesabu kidogo, halafu nikae. Tuchukue mfano wa kaya yenye matetea 4, kila mmoja akiatamia mara 3 kwa mwaka, mayai 12 kila mara. Hayo ni mayai 144. Yakianguliwa nusu, ni vifaranga 72. Yakianguliwa 9 katika kila 12, ni vifaranga 108. Tofauti ni vifaranga 36, kabla ya mwewe na maradhi kuchukua sehemu yao. Kila mmoja wenu anajua bei ya jogoo mmoja kwa wale wanaokuja kununua na kupakia kwenye mabasi ya Dar es Salaam, na kila mmoja anajua daftari, sare na michango ya shule inavyogharimu. Mama yangu alinisomesha kwa kuku. Yale mayai 11 kwake yalikuwa muhula mmoja wa shule, na hilo ndilo lililompa maneno makali kuliko tabia yake. Mama Mkubwa naye alikuwa ametoa mayai ambayo angeweza kuyauza.

Tangazo la mwisho. Afisa Mifugo amekubali kwamba mtu akileta mayai viza katika ofisi ya kata siku ya kliniki ya mifugo, yatavunjwa mbele yake na ataelezwa yanachosema, bila malipo. Yaletwe yakiwa na tarehe ya kuatamishwa, na ikiwezekana idadi ya majike na majogoo nyumbani. Kwa leo, akina mama watatu wameleta ya kwao, yapo kwenye yale makapu chini ya mwembe, na yataanza kuvunjwa sasa hivi. Ninaomba mwenye kapu la kwanza asogee hapa mezani. Na ninyi mliokaa upande ule upepo unakoelekea, tafadhali hameni kabla Afisa Mifugo hajaanza.